Joginder Singh na Sifa ya Madereva wa Safari Kandokando ya Ziwa

Kabla reli ya kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, mji huu wa majabali ulikuwa ukiitazama Dar es Salaam kwa jicho la utii tu, kwa kuwa huko ndiko zilikotoka amri. Jicho la biashara na la matumaini lilielekea kaskazini, ng'ambo ya maji, Kisumu, ambako reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imekwisha kuwasili tangu Desemba 1901, na ambako meli za Winifred, Sybil na Clement Hill zilikuwa zikipakia nguo, chumvi na mafuta ya taa kuvileta huku, kisha zikarejea na ngozi, karanga na pamba ya Usukuma. Pamoja na bidhaa walikuja watu. Walikuja wenye maduka kutoka Gujarati, wakaja na Masingasinga kutoka Punjab, wahunzi, maseremala na waashi, ambao jamaa zao wengi walikuwa wameletwa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya reli hiyohiyo. Na katika Wahindi wapatao 32,000 waliochukuliwa kwa kazi ile, 2,500 hivi waliacha mifupa yao njiani, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na wasiotimia 7,000 wakabaki, wakatafuta riziki palipokuwa na chuma cha kufua, mbao za kuranda na nyumba za kujenga.

Motokaa zilipoingia, mikono iliyozoea nyundo ikazoea spana. Ndiyo sababu katika miji yote ya ziwa, tangu Mwanza na Musoma hata Kisumu, Jinja na Bukoba, gereji na Singasinga vilikuwa kama pete na kidole katika fikira za watu, na mwenye lori lililovunjika springi hakuuliza aende wapi, bali aliuliza tu kama fundi yupo. Nimeyatanguliza haya kwa makusudi, kwa kuwa sifa ya Joginder Singh, dereva aliyeshinda mbio za magari za Safari mara tatu, na ambaye jina lake lingali vinywani mwa wazee wa huku hata leo, haifahamiki sawasawa ikianzwa na vikombe na saa za mashindano. Huanzia gerejini, na katika matope.

Mbio zenyewe zilianza kwa shangwe isiyokuwa yetu. Mwaka 1953, Eric Cecil wa Nairobi na jamaa zake wa ukoo wa Vincent, waliokuwa wamechoka kuzunguka na magari katika kiwanja kimoja, walitafuta njia ndefu ya kukimbilia, na kwa kuwa mwaka huo ndio aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, wakayapa mashindano yao jina la kutawazwa kwake. Yalifanyika tangu tarehe 27 Mei hata tarehe 1 Juni, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kenya wakati huo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, vijana wa Mau Mau wako msituni na maelfu ya watu wako kizuizini. Basi haishangazi kwamba Mwafrika aliyesimama kando ya njia akitimuliwa vumbi aliyatazama mambo yale kuwa ni mchezo wa wenye nchi wakati ule, hauna shirika naye. Laiti yangebaki hivyo, leo yangekuwa yamesahauliwa pamoja na magwaride ya siku zile.

Lakini palikuwa na kanuni moja ambayo, nionavyo mimi, ndiyo iliyoyaokoa. Magari hayakupangwa kwa nguvu ya injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya, bali kwa bei yake dukani, na ilisharutishwa yawe kama yalivyouzwa, pasipo kuongezewa wala kupunguziwa kitu cha maana. Nia ya waandalizi ilikuwa kumjulisha mnunuzi ni gari gani listahimililo barabara za Afrika ya Mashariki, na jambo hilo lilikuwa na manufaa kwa wafanyabiashara kuliko kwa wapenda michezo; ila matokeo yake yalizidi nia. Kwa kuwa gari lililoshindana lilikuwa ndilo lile lile alilopanda mwalimu, tabibu, karani wa chama cha ushirika au abiria wa teksi, kila aliyewahi kukwama aliweza kuhukumu. Mwaka ule wa kwanza walioadhibiwa kwa pointi chache kuliko wote, Alan Dix na mwenziwe Johnny Larsen, walikuwa katika Volkswagen ndogo, gari la mtu wa kawaida.

Hapa sina budi kutua katika habari ya matope, kwani mtu asiyeyajua hawezi kujua thamani ya ushindi. Mbio zilihamishiwa wakati wa Pasaka, nao ndio wakati wa masika, na hayo yalifanywa kusudi. Ardhi nyeusi ya mbugani, ile ambayo Msukuma hulimia pamba na mpunga, wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na mvua zikinyesha hugeuka kuwa kitu kisichokuwa udongo wala maji, hushika gurudumu, hujaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka tairi lisiweze kuzunguka, na dereva akizidi kukanyaga mafuta huzidi kujichimbia kaburi. Madereva wa malori ya pamba wa miaka ya hamsini, wakati vyama vya ushirika vilipoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani na mazao yakawa yakiongezeka kila msimu, waliyajua haya kama wanavyozijua sala zao: kupunguza upepo wa matairi, kukata matawi ya kutandika, kufunga minyororo, kutopunguza mwendo katikati ya dimbwi hata moyo ukikuambia upunguze, na kumtanguliza utingo kwa miguu kuupima mto kabla ya kuuvuka. Walijua pia kulala njiani. Basi hao walipoambiwa kwamba kuna watu watakwenda zaidi ya kilomita 5,000 katika siku nne au tano, usiku na mchana, kupitia milima ya Usambara, miteremko ya Mbulu na udongo mwekundu wa Uganda, katika mvua, na kwa saa zilizohesabiwa, hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, yaliondoka 93, nayo yakafika 7 vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Sidhani kama kuna tangazo la biashara lililowahi kuandikwa katika nchi hizi likaipita kauli ya hesabu hizo, kwa maana kwa miaka mingi baadaye Peugeot, 404 na kisha 504, ndizo zilizobeba abiria na maofisa katika barabara za mwambao wa ziwa, na dereva wa teksi aliyeambiwa na abiria kwamba gari lake ni kuukuu alikuwa na jibu tayari.

Katika zama hizo ndimo alimotokea Joginder. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, katika milima ya chai ambayo maji yake huteremka kuingia katika ziwa hili letu. Baba yake alikuwa mhamiaji wa kutoka Punjab, naye Joginder alikua akishika spana kabla ya kushika usukani. Alifanya kazi kuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, yaani mtu ambaye kazi yake ni kwenda barabarani kuwanasua walioharibikiwa. Na mwanafunzi bora wa barabara mbaya ni yule aitwaye kila siku mahali wenziwe waliposhindwa. Mwishoni mwa miaka ya hamsini akaanza kushiriki katika mbio za Safari, akishindana na madereva waliokuwa na fedha na vifaa kumzidi.

Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 33, aliingia mashindanoni katika Volvo iliyokwisha kutumika, ambayo kampuni yenyewe iliiacha huku baada ya kuikimbiza katika mbio za mwaka uliotangulia. Mwelekezi wake alikuwa ndugu yake Jaswant. Aliondoka wa kwanza, akiwa amebandikwa nambari moja ubavuni, na kuondoka wa kwanza katika masika si fadhila, kwa kuwa anayetangulia ndiye anayeivunja njia na kuwaonyesha wenziwe palipo na shimo; akafika wa kwanza pia, akimzidi aliyemfuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu tangu ipate uhuru, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimetimiza takriban mwaka mmoja wa Muungano, na katika magazeti ya kila mji picha iliyochapishwa ilikuwa ya mtu mwenye ndevu na kilemba, mzaliwa wa huku huku, ameketi juu ya gari lililopakwa tope. Waingereza wakampa lakabu ya Singasinga Arukaye, na Waswahili wakamwita Simba wa Kenya. Nami nazipenda zote mbili, ingawa ukweli ni kwamba alisifika zaidi kwa kutopaparika kuliko kwa kuruka.

Utulivu huo ndio uliomwezesha kumaliza mashindano ya Safari mara 19 katika mara 22 alizoingia. Wako waliokuwa wepesi kumshinda, hasa wageni waliokuja kutoka Ulaya ya kaskazini na kuongoza siku ya kwanza kwa kishindo, kisha siku ya pili wakaonekana wameketi kando ya njia wakingoja kuvutwa. Naye hupita polepole, akisikiliza injini kama tabibu asikilizavyo kifua, na penye kuhitaji ufundi hushuka akatengeneza kwa mkono wake. Mwaka 1974 alikuwa na Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, gari ambalo wakati huo wengi hawakulidhania, akamshinda Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911. Mwaka 1976, umri wake ukiwa miaka 44, akashinda tena kwa Lancer, na magari ya kampuni hiyo yakashika nafasi ya pili na ya tatu nyuma yake.

Ni haki nikiri, kwa niaba ya Watanzania wenzangu, kwamba tumemkumbuka jirani tukamdhulumu wa nyumbani. Mwaka 1966 na mwaka 1967, mfululizo, mbio za Safari zilishindwa na Bert Shankland akiwa pamoja na Chris Rothwell katika Peugeot 404, naye Shankland, ingawa asili yake ilikuwa Uskochi, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam na aliingia kwa ajili ya nchi hii. Mara mbili mfululizo si jambo dogo. Joginder mwenyewe hakuwahi kulipata. Hata hivyo, ukisimama leo katika gereji za Mwanza, ukamtaja Shankland, utaulizwa ni nani, na ukimtaja Joginder, mzee mmoja atacheka na kukueleza jinsi dereva mwenye papara alivyokuwa akikaripiwa na abiria kwa kuulizwa kama anajidhani kuwa yeye ndiye Joginder Singh. Sababu zaweza kuwa nyingi: kilemba kinakumbukwa upesi kuliko kofia; ushindi wa Joginder ulitapakaa katika miaka kumi na mmoja, ukaupata ujana wa baba na wa mwana; na kwa mtu wa ziwa, Kericho na Kisumu hazikuwa ugenini, ilhali Dar es Salaam ilikuwa safari ya reli ya siku nzima na usiku wake, na zaidi. Naongeza kwamba kila mtu wa huku alikuwa na Singasinga wake aliyewahi kumtengenezea gari au kumjengea nyumba, na sifa ya Joginder aliiona kuwa ni ya fundi yule pia.

La ajabu ni kwamba sifa hii ilikua katika miaka ambayo njia zilikuwa zikifungwa. Mbio zilikoma kuwa za nchi tatu katikati ya miaka ya sabini, zikabaki za Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Meli zilizokuwa zikizunguka bandari zote za ziwa zikagawanywa, kila nchi na zake. Lakini mawimbi ya redio hayana forodha. Usiku wa Pasaka, Musoma na Mwanza, Sauti ya Kenya ilisikika wazi kuliko stesheni nyingine nyingi, na mtu ambaye hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa Sirari na gunia la mahindi aliweza kukaa uani kwake akajua ni nani ametangulia na ni nani amekwama.

Mwingine aliyefikia daraja ya Joginder, na kwa hesabu ya ushindi akaipita, alitoka upande wa kaskazini wa ziwa. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika ukoo wa wenye mashamba, na mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, akahamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda Safari katika Datsun 240Z, tena kwa namna ambayo haijawahi kukaririwa: yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na pointi sawasawa, akapewa ushindi Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hata 1982. Ajali aliyoipata katika mbio za jangwani Misri mwaka 1987 ilimwondoa katika usukani, akaingia katika uongozi wa mchezo huo duniani, akafariki London mwaka 2006. Mara tano hizo hakuna aliyezipita. Pamoja na hayo yote mapenzi ya watu kwake yalikuwa na kiasi. Walimheshimu Mehta, lakini hadithi walimsimulia Joginder, na naona ni kwa sababu mmoja alijulikana kwa ushindi wake, na wa pili kwa gereji yake.

Baada yao walikuja mabingwa wa dunia. Mmoja wao, Carlos Sainz wa Madrid, Uhispania, ambaye huko kwao ni mtu wa kutajwa na mtoto na ajuza, alishinda Safari mwaka 1992 katika Toyota Celica pamoja na mwelekezi wake Luis Moya, na mwaka huohuo akapata ubingwa wa dunia kwa mara ya pili, wa kwanza ukiwa wa mwaka 1990. Wahispania humpenda kwa ushindi wake, ila nasadiki kwamba humpenda zaidi kwa msiba wa mwaka 1998, siku injini ya Corolla yake ilipozimika katika hatua ya mwisho ya mbio za mwisho za mwaka, mita mia chache tu kabla ya kumaliza, na ubingwa ukamponyoka ukaenda kwa Tommi Mäkinen aliyekuwa ameshaondoka mashindanoni siku zilizotangulia. Alipoacha mbio za ubingwa huo alihamia katika mbio za jangwa za Dakar, akazishinda mara nne, ya mwisho mwaka 2024, akiwa na miaka 61. Huyu bila shaka ni dereva adhimu kuliko Joginder kwa mizani yoyote ya kitaalamu. Na huku kwetu, alikopita akashinda, jina lake hulijua wachache. Alikuja na helikopta ya kumtangulia angani, na mafundi wengi, na gari lisilouzwa katika duka lolote la Mtaa wa Rufiji hapa Mwanza. Barabara ilikuwa ni ile ile, lakini hapakuwa tena na mtu kando ya njia aliyeweza kusema kwamba jambo lile na yeye limempata.

Simlaumu Sainz, kila zama na vyombo vyake. Wala sisemi kwamba mwenyeji ni bora kwa uenyeji wake, maana Waldegård na Mikkola, wageni wote wawili, walijifunza barabara zetu mpaka zikawakubali. Mikkola ndiye mgeni wa kwanza kushinda, mwaka 1972, katika Ford Escort, na alipongezwa hata na wale aliowanyang'anya.

Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mbio za Safari zilikuwa zimetolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarudishwa mwaka 2021, na sasa makao yake ni Naivasha, ambako magari hukimbia katika vipande vifupi vilivyofungwa, na madereva hulala vitandani kila usiku. Ndivyo ilivyo busara, na ndivyo usalama unavyotaka. Mwambao wa ziwa nao umebadilika: kutoka Mwanza hata Sirari ni lami, kutoka Mutukula hata Bukoba na Biharamulo ni lami, na tangu mwaka 2025 gari la kwenda Geita halingoji tena kivuko cha Kigongo na Busisi, kwa kuwa daraja limefunguliwa. Kijana wa Nyamagana aliyezaliwa baada ya lami, akiambiwa kwamba mwaka 1968 yaliondoka magari 93 yakafika 7, huuliza kwanza kama yaligongana.